Hilary Mantel na watu wanaosimama nyuma ya kiti cha mfalme

Habari za jioni ndugu zangu. Shikamooni wazee wetu mlioketi huku mbele, na nyinyi vijana mliojazana pale mlangoni sogeeni bana, viti vipo. Nimeombwa niongee kuhusu mwandishi mmoja wa riwaya za wafalme nikamchagua Mwingereza, Hilary Mantel, na najua tayari kuna mtu hapa anajiuliza mbona Mwingereza wakati Uganda hii tuna Kabaka, mfalme wa Buganda, tuna Omukama wa Bunyoro na wa Toro, tuna Kyabazinga kule Busoga. Swali lina haki yake na nitalifikia. Ila nipeni muda kwanza niwaeleze huyu mama, sababu mimi naamini kuna kitu alikigundua kuhusu kuandika ufalme ambacho sisi tunakihitaji kuliko hata hao Waingereza wenyewe.

Kitu chenyewe ndo hiki: ukitaka kumwona mfalme usimwandike akiwa kwenye kiti, mwandike yule anayesimama nyuma ya kiti, yule ambaye maisha yake yote yanategemea mfalme ameamkaje leo.

Mantel alizaliwa tarehe 6 Julai 1952 mji wa Glossop, kaskazini mwa Uingereza, akakulia kijiji cha Hadfield, sehemu za viwanda vya pamba, familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Jina la kuzaliwa ni Hilary Thompson. Bado mtoto mdogo, mama yake akaleta mwanaume mwingine nyumbani, anaitwa Jack Mantel, na baba mwenyewe akaendelea kuishi humohumo, analala chumba kingine, yaani nyumba moja wanaume wawili na kijiji kizima kinaangalia. Alipofika miaka 11 wakahama na huyo Jack, wakaenda mji mwingine ambako hawajulikani, na baba yake mzazi hakumwona tena. Jina la Mantel ndo la baba wa kambo. Siwaambii haya kwa umbea. Mtoto aliyekulia nyumba kama hiyo anajifunza mapema sana kusoma sura za wakubwa, nani leo hasemi na nani, mlango upi usigongwe, swali lipi usiulize mbele ya wageni. Sasa ukija kusoma anavyoandika ikulu ya Henry VIII unakuta ni mambo hayohayo, watu wazima wenye vyeo wamesimama koridoni wanasikiliza hatua za mfalme zinavyolia wajue leo kuna usalama ama hakuna.

Alisoma sheria, akaanzia London mwaka 1970 akamalizia Sheffield 1973, akaolewa na Gerald McEwen ambaye ni mjiolojia. Tayari alikuwa anaumwa. Maumivu ya tumbo na miguu yasiyoisha, na madaktari wakamwambia ni mawazo tu dada, wakaanza kumpa dawa za wagonjwa wa akili, na dawa zenyewe zikamharibu kabisa. Mwaka 1974 akaanza kuandika riwaya kubwa ya Mapinduzi ya Ufaransa, viongozi wake kina Danton na Robespierre na Desmoulins, na mwaka 1977 mume wake akapata kazi Botswana wakahamia huko. Eeh, hapahapa Afrika yetu. Ile riwaya ya Paris ya mwaka 1789 kwa sehemu kubwa iliandikiwa Botswana, na huyu mama akiwa huko ndo alifungua vitabu vya udaktari yeye mwenyewe, akasoma, akalinganisha na mwili wake, akajua ugonjwa unaitwa endometriosi, ule wa nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi. Madaktari wa London walipokuja kumpima mwishoni mwa 1979 wakakuta kweli ndo huo. Wakampasua, wakatoa kizazi na ovari zote. Alikuwa na miaka 27.

Nataka muishike hii habari ya kizazi, nitairudia.

Na riwaya je? Aliimaliza 1979 hiyohiyo na wachapishaji hawakuitaka. Kitabu kinene, historia ya Ufaransa, mwandishi hajulikani, nani atanunua. Akaiweka kabatini. Akaandika nyingine fupi ya mambo ya sasa, Every Day Is Mother's Day, ikatoka 1985, wakati huo walikuwa wanaishi Jeddah kule Saudi Arabia. Ile ya Mapinduzi, A Place of Greater Safety, ilikuja kutoka 1992. Kwa hiyo vijana mnaoniletea maandishi halafu baada ya wiki mbili mnaniuliza mwalimu imekuwaje, mimi huwa nawaambia habari ya huyu mama.

Tuje sasa kwenye wafalme.

Henry VIII alirithi kiti 1509, akaoa Katherine wa Aragon, mjane wa kaka yake. Akataka mtoto wa kiume wa kurithi. Mimba zikawa zinaharibika au watoto wanakufa, akabaki binti mmoja tu, Mary. Baadaye akampenda Anne Boleyn, akamwomba Papa aibatilishe ile ndoa ya kwanza, Papa hakukubali, na ndo 1534 bunge lao likapitisha sheria kwamba mkuu wa Kanisa Uingereza ni mfalme. Mnasikia Anglikana? Ile ya Namirembe pale kilimani, chanzo chake kina mkono wa ndoa hii. Miaka miwili baadaye, Mei 1536, Anne naye akakatwa kichwa. Hii hadithi Waingereza wameshaisimulia mpaka imechakaa, sinema, tamthilia, vitabu vya watoto, na karibu kila mtu alikuwa anaisimulia kupitia mfalme na wake zake.

Mantel akamchukua Thomas Cromwell. Mtoto wa mhunzi wa Putney, kando ya mto Thames, hana ukoo, hana shamba, baba yake mlevi na mkorofi. Alikimbia nyumbani akaenda Ulaya, akapigana vita Italia, akafanya kazi na wafanyabiashara, akajifunza lugha, akarudi akawa mwanasheria, akamtumikia Kadinali Wolsey, mshauri mkuu wa mfalme, na Wolsey alipoangushwa 1529 kila mtu alitegemea na Cromwell ataanguka naye, kumbe ndo kwanza anapanda. Yeye ndo alisimamia talaka, akasimamia kuachana na Roma, akafunga nyumba za watawa na mali zikaenda kwa mfalme. Wanahistoria na watunzi wengi kabla ya hapo walimchora kama mtu mbaya tu, mpelelezi, mwizi wa mali za kanisa, na mpinzani wake Thomas More wakamchora kama mtakatifu. Mantel akauliza, huyu Cromwell akirudi nyumbani jioni anavua viatu anaongea na nani?

Wolf Hall, iliyotoka 2009, inaanzia kwenye ua wa mhunzi. Kijana yuko chini, uso kwenye mawe, damu, na baba yake amesimama juu yake na buti, na kijana anaangalia uzi wa mshono wa buti umefumuka, kuna fundo limejitokeza pale na ndo linamchana nyusi. Basi. Hakuna tarumbeta wala taji wala msafara. Kitabu kinahusu mfalme na kurasa za kwanza zote ni mtoto anapigwa, na ukishasoma hapo unajua huyu kijana akikua hakuna hasira ya mfalme yoyote itakayokuwa ngeni kwake.

Halafu kuna habari ya mabawa. Cromwell alikuwa na mke na mabinti wawili wadogo, ugonjwa ukaja ukawachukua. Mantel anampa yule binti mdogo, Grace, mabawa ya malaika ya mchezo wa Krismasi, yametengenezwa kwa manyoya ya tausi, na mtoto hataki kuyavua, anazunguka nayo nyumbani usiku. Anakufa. Mabawa yanabaki yamehifadhiwa, na baadaye sana, Cromwell ameshakuwa mtu mkubwa anayeogopwa nchi nzima, yale manyoya yanarudi tena kwenye simulizi. Nyaraka za kweli zinatuambia tu kwamba watoto walikuwepo na majina yao, hakuna zaidi. Mabawa ni ya Mantel. Na mimi nilipofika pale nilifunga kitabu nikakaa kidogo, sababu huyu mtu baadaye atapeleka watu kwenye shoka na wewe huwezi tena kumchukia kwa raha.

Kitabu cha pili, Bring Up the Bodies, cha 2012, ndo kinachokutesa. Kinachukua miezi michache tu, kutoka Septemba 1535 mpaka Mei 1536. Mfalme amemchoka Anne na haongei wazi, anaguna tu, anaangalia pembeni, na mtumishi mzuri inabidi aelewe. Cromwell anaelewa. Anawakamata wanaume watano, mmoja ni mpiga muziki kijana Mark Smeaton, mwingine ni kaka wa malkia mwenyewe, wanauawa tarehe 17 Mei, na tarehe 19 ni malkia. Wewe msomaji umempenda Cromwell kitabu kizima cha kwanza, umelia na watoto wake, na sasa unamwangalia anatengeneza ushahidi kwa utulivu kama karani na unajikuta bado uko upande wake. Hiyo ndo siasa ya ikulu, ndugu zangu. Wabaya wenye pembe ni wachache kule, wengi ni watu wenye akili, wenye familia, waliozoea kuelewa kabla hawajaambiwa.

Cha tatu, The Mirror & the Light, kilitoka 2020, kinene kupita vyote, na mwisho wake unajulikana kwenye kila kitabu cha historia: tarehe 28 Julai 1540 Cromwell alikatwa kichwa, na siku hiyohiyo mfalme akaoa mke wa tano, Catherine Howard. Siku moja! Mwandishi angetunga hivyo mngesema anazidisha.

Hapa niseme kuhusu kazi yenyewe alivyoifanya maana vijana wanaoandika wako hapa. Mantel hakukubali kupindisha jambo linalojulikana ili hadithi inoge. Kama barua inasema tarehe fulani mtu fulani alikuwa York, basi hawezi kumweka London. Alikuwa na kadi, amepanga kwa majina, kila mtu na tarehe na mahali alipokuwa. Alipohitaji msaada aliandikiana kwa miaka na mwanahistoria Mary Robertson aliyekuwa amesoma Cromwell kwa undani, na Wolf Hall imetabarukiwa kwake. Utunzi unaanzia pale nyaraka zinaponyamaza, usiku, kitandani, kwenye mtumbwi mtoni, kile mtu alichofikiri akakimeza. Alafu anaandika kwa wakati uliopo, anasema, anasimama, anageuka, hivyo hata wewe unayejua mwisho wake unasahau kwamba unaujua, kwa sababu yule mtu hajui.

Na sasa habari ya kizazi. Mwaka 2013 alitoa mhadhara pale British Museum kuhusu miili ya watu wa kifalme. Alikuwa anaeleza tunavyowaangalia wanawake wa ikulu, tunavyopima nguo na tumbo, na akamzungumzia Kate, mke wa mwana wa mfalme, jinsi magazeti yalivyomfanya kuwa sanamu ya dirisha la duka. Magazeti yakachomoa sentensi mbili tatu yakapiga kelele kwamba amemtukana binti wa watu, hata waziri mkuu Cameron akatoa lawama. Ukisoma mhadhara mzima unaona alikuwa anamtetea. Tarehe 29 Januari 1536 Katherine wa Aragon alikuwa anazikwa, na siku hiyohiyo mimba ya Anne Boleyn ikatoka. Maisha ya malkia wale wawili yaliamuliwa na tumbo, na anayetuandikia hayo ni mwanamke ambaye madaktari walikataa kuusikiliza mwili wake mpaka ukakatwa akiwa na miaka 27. Sidhani kuna mtu mwingine angeandika kile chumba cha malkia vile, yale mashuka, ile hesabu ya siku, wanawake wanaonong'ona mlangoni. Haki ya kuandika hayo aliilipia kwa mwili wake.

Tuzo sitakaa sana. Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, mara mbili, 2009 na 2012, mwanamke wa kwanza kuipata mara mbili. Cheo cha Dame 2014. Alifariki tarehe 22 Septemba 2022, miaka 70, wiki mbili tu baada ya Malkia Elizabeth.

Haya, Uganda.

Mimi nimefundisha historia na nimeona watoto wanavyokariri makabaka kwa mpangilio kama wanahesabu vituo vya taksi, Suna, Muteesa, Mwanga, Kiweewa, Kalema, na ukimuuliza mtoto Mwanga alikuwa mtu gani anakuangalia tu. Wakati huohuo katikati ya hadithi hiyo amesimama mtu ambaye Mantel angempenda, banange, Apolo Kagwa. Alikuwa kijana mtumishi ndani ya ikulu ya Mwanga, wenzake wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, yeye akapona. Mwaka 1889 ni Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Mwanga anakamatwa 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wanapelekwa Seychelles, Mwanga anafia huko 1903. Na nani anatawala? Mtoto Daudi Chwa, aliyewekwa kwenye kiti akiwa na mwaka mmoja tu, na Kagwa ni mmoja wa walezi wake watatu. Anasaini mkataba wa 1900 na Waingereza, ardhi inagawanywa kwa machifu na yeye akiwemo, mambo ambayo mahakama zetu zinahangaika nayo mpaka leo. Alafu huyohuyo anakaa chini anaandika historia ya makabaka, Basekabaka b'e Buganda, inatoka 1901. Mtu aliyeponea kwa mfalme mmoja, akamlea mfalme mwingine, ndo anashika kalamu kutuambia wafalme walikuwaje! Mwaka 1902 anapanda meli na katibu wake Ham Mukasa kwenda London kuona Edward VII akitawazwa, wanafika, mfalme anaugua kidole tumbo, sherehe inasogezwa mpaka Agosti. Wawili hawa wako London wanasubiri mfalme wa watu apone. Riwaya nzima ipo hapo na naomba mtu hapa ndani aichukue.

Kwa Kiingereza kazi imeshaanza. Jennifer Nansubuga Makumbi alitoa Kintu mwaka 2014, ilichapwa Nairobi, na baada ya utangulizi wa mwaka 2004 inarudi 1750 na gavana wa Buddu, jimbo la Buganda, anasafiri na watu wake kwenda kumwinamia Kabaka mpya. Angalieni, naye hakuanzia kwa Kabaka. Historia aliianzia kwa yule anayetembea kwa miguu kwenda ikulu huku anahesabu makabaka wangapi wameuana.

Kwa Kiswahili bado naisubiri, na msiniambie Kiswahili hakihusiani na Lubiri, ikulu ya Kabaka. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Suna II miaka ya 1840. Muteesa I alikiongea Kiswahili. Stanley, yule mzungu msafiri, alipokuja 1875 alimwacha hapa kijana Dallington Maftaa aliyesomeshwa na wamisheni Zanzibar, akawa anamsomea Kabaka maandiko na kumwandikia barua. Fikirini huyo kijana. Yuko mbali na kwao, hana ukoo Buganda, kazi yake ni kuchukua maneno ya Kabaka na kuyapeleka kwa wageni na ya wageni kuyaleta kwa Kabaka, na akikosea neno moja anajua kitakachompata. Anayasikia yote. Anaweza kupunguza, anaweza kuongeza. Huyo ndo Cromwell wetu wa Kiswahili na lugha ya riwaya yake tayari ilikuwa ikulu kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Baada ya kumaliza mzee mmoja alisimama akauliza, na nimeliandika swali lake sababu lilikuwa zito: kuingia kichwani mwa Kabaka, kumpa woga na hasira za kutunga, si ni kumvunjia heshima, na wajukuu wapo hai? Nilimjibu mzee wangu, hofu yako naielewa, kule kwenye makaburi ya Kasubi wamelala makabaka wanne na moto wa Machi 2010 watu walilia hadharani, hii si historia iliyokufa. Lakini kumbe heshima kubwa ni ipi, kumwacha Mwanga abaki sentensi mbili za kitabu cha mtihani, au kukaa miaka na kadi zako na tarehe zako umtafute alikuwa kijana wa namna gani alipowekwa kwenye kile kiti 1884 akiwa bado mdogo hivyo, amezungukwa na Waarabu, Wafaransa, Waingereza na machifu wa baba yake, kila mmoja na mpango wake? Akasema ataenda kufikiri. Akaniomba pia niende na vitabu kwa wazee wa koo kabla ya kwenda kwa mchapishaji, na hilo nimelichukua.

Binti mmoja wa kidato cha tano akauliza aanze na kipi. Anza na Wolf Hall, usiogope unene, na ukipotea kwenye majina kuna orodha ya wahusika pale mwanzoni, weka kidole hapo. Ukiona "yeye" na hujui ni nani, jua ni Cromwell. A Place of Greater Safety iache mpaka baadaye. Nakala yangu nitaiacha kwa mlezi wa maktaba, imechorwachorwa pembeni kwa penseli, msisome maoni yangu kwanza.